Mama wa Notere na Parseli ya Mulekera

Wamama wenye watoto walioingia kazi ya serikali, habari hii ni yenu zaidi. Kyakimwa alifanya kosa ambalo mama yeyote mwenye furaha anaweza kulifanya. Yalimalizika vizuri, ndiyo. Lakini yalibaki kidogo sana yaharibike, na ni ule udogo unaotisha.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa 2003. Vita vilikuwa vimewasukuma watu wa Mambasa na wa Eringeti mupaka Beni, magodoro juu ya kichwa na kuku mukononi. Kati yao alikuwa Orpa, binti wa Kyakimwa, pamoja na watoto wake watatu. Bwana yake alibaki nyuma kutafuta mbuzi, akafika kisha siku mbili bila mbuzi. Wote walikuwa wanalala ndani ya kanisa, nyuma ya viti vya kwaya, na kila asubuhi walikunja mikeka mbele watu wa sala hawajaingia.

Kyakimwa alikuwa na parseli, kipande cha udongo, kule Mulekera, pembeni mwa Beni. Haikuwa ya marehemu bwana yake. Aliinunua yeye mwenyewe katika ujane wake, kwa kuuza samaki wa Kyavinyonge, na alikuwa anaipanda maharagi. Alipoona wajukuu wake wanalala kwenye simenti, aliamua: hii parseli itakuwa ya Orpa, ajenge hata nyumba ya miti na udongo, mbele mvua kubwa haijafika.

Mutu wa kwanza kukataa alikuwa Kakule, mudogo wa marehemu bwana yake.

"Mulamu," Kakule alimuambia shemeji yake, "tangu lini binti anapewa udongo? Udongo ni wa batoto banaume ba jamaa yetu. Orpa aliolewa. Bwana yake amutafutie."

"Udongo wa bwana yake uko Eringeti, na Eringeti kuko masasi ya bunduki. Unataka bapande maharagi katikati ya masasi?"

"Mimi sisemi vile. Nasema desturi. Sasa, kama unabisha, leta karatasi ya notere. Siku nitaona karatasi ya notere, nitafunga kinywa."

Kyakimwa alicheka mupaka akashika mbavu. Notere! Notere wa Beni, mwandishi wa hati za serikali, alikuwa Paulin, mutoto wake mwenyewe, yule aliyemubeba mugongoni akipanda mulima na kapu ya samaki juu ya kichwa. Ilikuwa kama kumutuma mutu kuchota maji wakati tayari amesimama ndani ya muto.

Kesho yake alivaa kikwembe cha siku ya Mungu, akafunga samaki wawili ndani ya majani, akaenda kwenye biro ya kazi ya Paulin. Watu walikuwa wamejipanga mupaka inje. Yeye alipita kando yao kama mutu anayeingia kwake.

"Mama, tuko mu mustari," mwanaume mumoja alisema.

"Mimi ni mama yake."

"Hata sisi tuko na bamama. Tuliwaacha nyumbani."

Watu wakacheka. Kyakimwa hakusikia haya hata kidogo. Aliingia, akaweka samaki juu ya meza, karibu na lile buku kubwa, akasema kwa sauti ya kusikiwa mupaka inje: "Paulin, nataka unipigie kashe, ule muhuri wako. Ninamupa dada yako parseli ya Mulekera."

Paulin alisimama, akamusalimia mama yake kwa mikono miwili. Kisha akasema pole pole: "Mama, hii siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kupokea akte yako, hati ya kutoa parseli. Sheria inanikataza. Notere haandike akte ya baba yake, ya mama yake, ya dada yake, ya bibi yake. Hapa wewe unatoa, Orpa anapokea. Mimi niko mutoto wa huyu na kaka wa yule. Utaenda kwa notere wa Butembo."

"Butembo! Na barieri zote zile za askari njiani? Ili mutu nisiyemujua aandike jina langu, na wewe umekaa hapa na kashe mukononi?"

"Ndiyo, Mama."

"Juu ya kila mutu unaandika, isipokuwa juu ya mama yako!"

"Njo vile, Mama, ndivyo. Njo kazi yenyewe."

Alichukua samaki wake. Akatoka nao mbele ya ule mustari wote, na safari hii hakuna aliyecheka. Ile iliumiza zaidi.

Siku tatu hakuonja chakula nyumbani kwa Paulin. Alikaa pale, ndiyo, kwa sababu akifika Beni kuuza samaki ndiko alikolala, katika chumba kidogo ambamo Orpa na watoto wake hawakuenea, lakini alikula kwa jirani. Bibi ya Paulin, muke wake, alimuletea bugali na sombe, akasema, "Mama, kula kidogo." Akajibu, "Pengine sheria inakataza." Paulin alisikia, akainama, mabega yakatingika. Alikuwa anacheka, na Kyakimwa akaona wazi kabisa kwamba alimuzaa mutu mubaya.

Sasa sikilizeni mahali kosa lilizaliwa. Katika vita vile askari walikuwa wanavunja biro wakitafuta meza za kuwasha moto wa kupikia na karatasi za kuvutia tumbako. Kwa hiyo Paulin hakuacha kashe kwenye biro. Kila mangaribi aliibeba nyumbani, imefungwa na wino wake ndani ya kitambaa, akaiweka ndani ya kopo ya maziwa juu ya kabati. Kyakimwa alijua ile kopo. Ni yeye aliyeitoboa kifuniko siku moja ili iingize hewa, akizani ndani ni dawa.

Siku ya Mungu mangaribi, wakati Paulin na bibi yake walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Kyakimwa alichukua karatasi ya kayé, daftari la masomo la mujukuu. Alikuwa amesoma mupaka darasa la ine, na maandiko yake yalikuwa makubwa na ya kusimama wima. Aliandika: *Mimi Kyakimwa ninamupa Orpa binti yangu parseli yangu ya Mulekera na mutu asimusumbue.* Akashusha kopo. Akapiga kashe juu. Akaangalia, akaona wino haukukolea. Akapiga katikati. Na kwa kuwa alikuwa mutu anayependa kazi iliyokamilika, akapiga tena chini. Kisha akairudisha kashe katika kitambaa, kitambaa katika kopo, kopo juu ya kabati, akaenda kunawa vidole.

Kesho yake mapema alikuwa kwa Kakule.

"Ulisema karatasi ya notere. Soma."

Kakule aliisoma. Aliisoma mara ya pili. Kyakimwa alingojea apige kelele, atukane, aseme desturi, desturi. Kumbe hapana. Alimuletea kiti. Akamuuliza habari za magoti yake. Akamuita mama yetu.

"Ni muzuri sana," akasema. "Donc, kumbe ni Paulin mwenyewe alipiga hizi kashe?"

"Kashe ni yake, ao si yake?"

"Ni yake, ni yake! Mulamu, uniachie hii karatasi leo tu. Niisome vizuri na batoto yangu. Kesho nitakurudishia."

Kyakimwa ni mutu wa kuogopa. Anaogopa radi, anaogopa moto wa jirani, anaogopa mutoto akichelewa kidogo tu kwenye kisima. Watu wamemucheka juu ya ile tangu usichana wake. Lakini asubuhi ile woga ulimusaidia. Miaka makumi mbili Kakule hakuwahi kumuuliza habari za magoti. Alimuangalia machoni, akaangalia ule mukono uliokuwa umeshika karatasi kwa nguvu, akaona mukono hauna nia ya kuachia.

"Lete kwanza," akasema. "Nilisahau kuandika tarehe."

"Nitaiandika mimi."

"Lete, Kakule!"

Akaivuta. Kipande kidogo cha pembeni kikabaki katika vidole vya Kakule. Kyakimwa akatoka bila kuaga, akatembea, kisha akakimbia, mama mutu muzima mwenye magoti yale, mupaka kwa biro ya Paulin. Safari hii alijipanga katika mustari kama watu wote, kwa sababu miguu yake haikuwa na nguvu ya kupita mutu.

Paulin alipoona kashe tatu, alikaa chini. Hakupiga kelele. Alifunga mulango.

"Mama, nani ameiona?"

"Kakule. Alitaka kubaki nayo."

"Bila shaka alitaka! Angeipeleka kwa bakubwa ba serikali leo leo. Wangeuliza: iko wapi namba yake katika buku? Hakuna. Signatire, mukono wa notere? Hakuna. Bashahidi? Hakuna. Ni notere gani anapigia mama yake kashe tatu juu ya karatasi ya kayé? Mimi ningeingia gereza, Mama. Na Orpa angepoteza, kwa sababu kisha pale kila karatasi utaleta wataizania ni ya uongo."

"Nilizani nguvu iko mu kashe."

"Kashe ni mupira na wino. Nguvu iko mu kile kinafanywa mbele ya kashe. Mutu anakuja yeye mwenyewe. Anajulikana ni nani. Anaulizwa kama anapenda. Anasomewa. Bashahidi banaona. Kisha anatia signatire. Kashe inakuja mwisho, kusema tu: haya yote yalifanyika. Na hata kama mimi ningefanya yote vizuri juu yako, Kakule angesema: mutoto alipangia mama yake. Akte ingevunjika. Sikukukataa, Mama. Nilikuwa ninalinda hiyo parseli."

Mangaribi ile Kyakimwa aliichoma ile karatasi mwenyewe, ndani ya jiko. Halafu akala sahani mbili za bugali.

Siku ya tano ya juma lile walipanda gari ya kwenda Butembo: yeye, Orpa, na Rébecca, dada yake Kyakimwa, aliyeletwa kuwa shahidi. Karibu na Kabasha askari aliweka kamba katika njia.

"Mama, mokanda wapi?"

Alikuwa anaomba karatasi. Kyakimwa alitoa karata yake ya uraia, ya wakati wa Zaïre, na samaki mumoja mukavu juu yake. Askari alirudisha karata. Kamba ikashuka. Kyakimwa alianza kupumua tena walipoona mabati ya Butembo kwenye vilima.

Notere wa Butembo aliitwa Kitsa. Alikuwa muzee mwembamba, mupole, asiyeharakishwa hata na mabomu. Alichukua ile karata ya zamani, akaangalia picha, akamuangalia Kyakimwa, akaangalia picha tena.

"Huyu ni wewe ao ni binti yako?"

"Ni mimi, Baba, mbele sijazaa."

"Batoto banakula mutu." Akaandika namba. "Na huyu?"

"Huyu ni shahidi. Rébecca, dada yangu."

"Basi si shahidi."

"Mais Baba, huyu ndiye ananijua tangu tumbo la mama! Unataka nani? Mutu asiyenijua?"

"Njo huyo nataka. Shahidi hakuye hapa juu ya kukupenda. Anakuja juu ya kuona. Tafuta watu wawili wazima, wanaojua kuandika majina yao, wasiokuwa wa jamaa yako wala wa Orpa, wala wafanyakazi wa hapa."

Rébecca alikasirika sana. Alikuwa ameshona robo, gauni mupya, juu ya siku hiyo. Walitoka inje, wakaanza kutafuta, na kumbe kutafuta mutu asiyekuwa wa jamaa katika Butembo ni kazi. Wa kwanza, muuza sabuni, alikuwa mutoto wa shangazi yao wa Musienene. Wa pili aliposikia jina la kijiji chao alirukaruka kwa furaha: mama yake na bwana wa Kyakimwa walikuwa wa nyumba moja. Walimukumbatia, wakamuacha. Mwishowe walipata Nzanzu, mwenye kutengeneza radio, ambaye baba yake alitoka Watsa, na Florentine, mushonaji, aliyesema, "Mimi hapana jua hata mumoja wenu, na niko na robo ya bibi-arusi ya kumaliza, tufanye mbio."

Hapo Kitsa akafanya jambo ambalo Kyakimwa hakulingojea. Alimuomba Orpa atoke. Akamuomba Rébecca atoke. Mashahidi wawili peke yao walibaki karibu na dirisha.

"Mama Kyakimwa," akasema, na akasema kwa Kinande, "binti yako hakusikie. Hakuna mutu alikusukuma? Hakuna mutu alikulilia, alikutisha? Ukisema hupendi, nitafunga buku, nitawaambia karatasi haikutimia, na haya yatabaki hapa. Siri ni kazi yangu."

Kyakimwa alitaka kujibu mbio. Kisha akakumbuka. Baba yake alimuoza bila kumuuliza. Bwana yake alipokufa, jamaa waligawa mbuzi bila kumuuliza. Hata vita vilipofika, hakuna aliyemuuliza. Sasa mutu alifunga mulango ili asikie neno lake peke yake.

"Ninapenda," akasema. "Ni mimi mwenyewe."

"Muzuri. Na wewe utalala wapi?"

"Mimi?"

"Leo una nguvu. Ukizeeka, samaki zikikushinda? Umetoa parseli yote. Orpa ni mutoto muzuri, mais akte inaishi kuliko mioyo. Tunaweza kuandika kwamba utakuwa na chumba pale mupaka siku Mungu Nyamuhanga atakuita."

Kyakimwa, mwenye kuogopa kila kitu juu ya kila mutu, hakuwa amejiogopea mwenyewe hata mara moja. "Andika," akasema kwa sauti ndogo. "Chumba chenye dirisha."

Waliitwa wote. Kitsa akasoma akte kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, mustari kwa mustari, na kila mara aliuliza kama wamesikia. Florentine alikuwa anaangalia mulango. Kyakimwa alikuwa anataka kusema ndiyo, ndiyo, kama watu wanavyofanya. Lakini Kitsa aliposoma, "Upande wa mashariki, mutaro," yeye akainua mukono kama mwanafunzi.

"Baba, hapana. Jua linatokea kwa nyumba ya mwalimu. Mutaro uko kule jua linaingia."

"Karatasi ya zamani ya kununua, ile uliniletea, inasema mashariki."

"Aliyeiandika alikuwa amekunywa pombe ya kasiksi. Nilimuona."

"Donc," Nzanzu akasema kutoka dirishani, "tulikuwa tunamupa Orpa nyumba ya mwalimu!"

"Na mwalimu mwenyewe ndani," Florentine akaongeza. Wakacheka wote, hata muzee. Hakufuta lile neno. Alipita mustari juu yake ili liendelee kusomeka, akaandika sawasawa pembeni, na kila mumoja akatia herufi za jina lake pale. "Mukiona notere anafuta na kupaka rangi," akasema, "mukimbie."

Kisha Kyakimwa akatia signatire. Ilichukua wakati. Orpa akatia, mashahidi wakatia, Kitsa akatia, na kashe ikaja mwisho. Mara moja tu.

"Karatasi hii inabaki katika buku yangu," Kitsa akasema. "Hii ingine, sawa nayo, ni ya kwenu. Nyumba ikiungua kwenu, mutaipata hapa. Pakiungua hapa, iko kwenu."

"Na pakiungua pote?" Kyakimwa akauliza.

"Mama," Orpa akasema, "tafazali."

Juma lililofuata shefu wa kartye, mukubwa wa mutaa, alisoma akte mbele ya watu, akamupa Orpa ruhusa ya kujenga. Kakule aliomba kuishika. Aliisoma kwa muda murefu, kidole juu ya majina ya mashahidi.

"Nzanzu ni nani? Florentine ni nani?"

"Sibajui," Kyakimwa akajibu.

"Hata mimi sibajui," Kakule akasema, kwa huzuni ya kweli. Akairudisha. "Ile ya kwanza njo nilipenda, mulamu. Ile ingenipatia kila kitu."

"Ninajua."

"Paulin asingetoka mbio gerezani."

"Ninajua, Kakule. Sasa nenda ukatuletee miti."

Akaenda. Alileta minne, yote ya kupinda, lakini aliileta.

Wamama, mukiwa na mutoto notere, ao muganga, ao muamuzi, musimuombe mukono wake juu yenu. Mujikatalie wenyewe mbele yeye hajawakatalia. Na yeyote atakayewaambia muache karatasi kwake alale nayo, ivuteni.

Parseli ilipimwa siku ya posho, Jumamosi, kwa kamba na vijiti. Orpa alitaka mulango uangalie njia, ili auze mikate. Kyakimwa alisema hapana, njiani wanapita askari, mulango uangalie nyuma. Orpa akasema, "Mama, uliniachia parseli, ao hukuniachia?" Kyakimwa akaachia kamba ya kupimia. Kisha akaenda kwenye kona ya nyuma, akachomeka kijiti udongoni, akaanza kupima kwa hatua zake mwenyewe mahali dirisha lake litakuwa.